Nani Apige, Nani Asubiri: Uongozi wa Makundi ya Wahusika Katika Gemu za Video

Mada ya leo inawahusu wale wahusika ambao hakuna binadamu anayewashikia pedi: askari wanaomwinda mchezaji kwenye ghala, wapita njia wanaojaza barabara za mji, wanyama wanaokula majani bondeni mpaka wanaposhtuliwa. Wote hao wanaendeshwa na kompyuta. Kumwendesha mmoja wao peke yake ni kazi iliyokwisha kueleweka kwa miaka mingi. Anaambiwa atazame, asikilize, atafute njia, afyatue risasi, ajifiche akijeruhiwa. Shida huanza pale wanapokuwa kumi. Wale kumi, kila mmoja akiwa na akili yake timamu, wanaweza kuishia kubanana kwenye mlango mmoja, kujificha nyuma ya pipa moja, au kumrukia mchezaji wote kwa mpigo mmoja na kuifanya gemu isichezeke.

Dhana iliyozoeleka ni kwamba dawa yake ni kumwongezea kila mhusika akili. Mimi nadai vinginevyo. Kundi linaanza kuonekana lina akili pale mtengenezaji anapoweka utaratibu wa kugawana vile vichache vinavyogombewa: nafasi ya kushambulia, njia ya kupita, mahali pa kujikinga, macho ya mchezaji, na hata muda wa prosesa. Aliyewahi kutazama chandimu ya watoto wadogo analijua tatizo hili vizuri. Watoto wote wanaukimbilia mpira, golini hakuna mtu, pembeni hakuna mtu. Hakuna mtoto mjinga pale. Kila mmoja anafanya jambo lenye busara kwa upande wake, maana mpira uko pale na yeye anautaka. Kinachokosekana ni mgawanyo, na huwezi kuuleta mgawanyo huo kwa kumfundisha kila mtoto kukimbia zaidi.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado. Humo mna wavamizi 55, safu 5 za wavamizi 11, wanaotembea pamoja kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine na kushuka hatua moja kila wanapoufikia. Wengi mnakumbuka jinsi wanavyoongeza kasi kadiri wanavyopungua, hata yule wa mwisho akawa anakimbia mbio za kutisha. Hakuna aliyekaa akaandika ujanja huo. Mashine ya wakati ule ilikuwa ikimsogeza mvamizi mmoja tu kwa kila fremu. Wakibaki wachache, zamu ya kila mmoja inarudi upesi. Nishikado aliliona jambo hilo likitokea, akaona linaongeza utamu, akaliacha. Kwa hiyo tangu siku hizo za mwanzo, kilichompa mchezaji hisia kwamba kundi limekasirika kilikuwa ni mpangilio wa zamu.

Miaka miwili baadaye, 1980, Namco ikatoa Pac-Man ya Toru Iwatani, na hapo tunaona hatua kubwa zaidi. Mizuka wanne wanamwinda mchezaji ndani ya mzingile. Lau wote wangefuata kanuni moja ya kumkimbilia alipo, baada ya muda mfupi wangejipanga nyuma yake kama mkia, na mchezaji angewazungusha apendavyo. Iwatani hakutaka hivyo. Blinky, yule mwekundu, anakwenda moja kwa moja kwenye kigae alichopo mchezaji. Pinky analenga vigae vinne mbele ya mchezaji, kana kwamba anataka kumkatia njia. Clyde anamfuata akiwa mbali naye, ila akikaribia vigae vinane anageuka kurudi kwenye pembe yake. Wa ajabu zaidi ni Inky. Kanuni yake inachukua sehemu iliyo vigae viwili mbele ya mchezaji, inavuta mstari kutoka alipo Blinky hadi sehemu hiyo, kisha inaurefusha mstari huo mara mbili. Mwisho wa mstari ndipo Inky anapokwenda. Maana yake Inky hawezi kujua aende wapi bila kujua mwenzake yuko wapi. Blinky akiwa nyuma ya mchezaji, Inky anajikuta mbele yake. Mchezaji anahisi amenaswa katika mtego uliopangwa, ilhali hakuna mzuka hata mmoja anayejua neno mtego. Isitoshe, uwindaji wenyewe una vipindi: katika hatua ya kwanza mizuka wanatawanyika kwa sekunde 7, kisha wanawinda kwa sekunde 20, kisha wanatawanyika tena. Mchezaji anagawiwa hofu kwa kipimo, na anapewa muda wa kuvuta pumzi.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito, na ni haki tulisikilize mapema. Mwaka 1987 Craig Reynolds, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Symbolics huko Marekani, alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba kundi la ndege linaweza kuigizwa kwa kanuni tatu tu, na kila ndege akizifuata kwa kuwatazama majirani zake: usimgonge jirani, elekea wanakoelekea wenzako, usijitenge na kundi. Hakuna kiongozi, hakuna mratibu, hakuna anayegawa chochote. Ukiziendesha kanuni hizo kwenye kompyuta, ndege wanapinda pamoja, wanagawanyika kuukwepa mnara na kuungana tena upande wa pili. Mbinu hiyo ikaingia hata kwenye sinema: popo wa Batman Returns ya mwaka 1992 ni uzao wake. Na mtakumbuka nyumbu wanaoteremka bondeni kwa kishindo katika The Lion King ya mwaka 1994. Disney nayo ililazimika kuandika programu ya kuwakimbiza mamia ya wanyama wale bila wao kupitana miilini. Mwenye pingamizi anasema: kama ndege na nyumbu wanaweza bila mgawanyo, kwa nini askari wa gemu washindwe?

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, ndege wa Reynolds hawagombei kitu. Anga ni pana, na ndege mmoja akipita hamzuii mwingine kupita. Weka mlango mmoja mwembamba mbele yao, au weka punje moja ya mtama ambayo wote wanaitaka, na zile kanuni tatu hazina la kusema. Sehemu kubwa ya yale yanayotokea ndani ya gemu ni ya mlango na punje, kwa sababu mchezaji ni mmoja na wanaomtaka ni wengi. Pili, hata katika kundi la ndege kuna kitu kinachogawanywa kimyakimya, nacho ni umakini. Ukitaka kila mhusika amtazame kila mwenzake, wahusika 100 wanatoa jozi 4,950 za kukagua. Wakifika 1,000 jozi zinakuwa 499,500. Gemu inayochora fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 hivi za kumaliza kazi zote za fremu moja, picha na sauti zikiwemo. Ndiyo maana watengenezaji huigawa ardhi ya gemu katika viraka ili kila mhusika awatazame wa karibu tu. Maumbile nayo yamefanya vivyo hivyo: mwaka 2008 watafiti wa Italia, Giorgio Parisi akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo ya kuwapiga picha kwezi wa anga la Roma, wakaonyesha kwamba kila ndege anafuatilia majirani sita au saba tu, wawe karibu au mbali. Kwa hiyo mfano unaoletwa kunipinga unaegemea upande wangu.

Sasa tuje kwenye njia. Gemu nyingi hutafuta njia kwa mbinu iitwayo A*, iliyochapishwa mwaka 1968 na Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Waliitengeneza wakiwa katika mradi wa roboti aitwaye Shakey, aliyekuwa akitembea katika vyumba vya maabara. Naomba tukumbuke kwamba Shakey alikuwa peke yake. A* inatoa njia fupi kuliko zote, na njia fupi kuliko zote kwa askari wa kwanza ndiyo hiyo hiyo kwa askari wa ishirini aliyesimama jirani naye. Wote wanapewa jibu sahihi, na majibu yote sahihi yanakutana kwenye mlango mmoja. Hili ndilo jambo ninalotaka lieleweke kuliko mengine katika sehemu hii: msongamano ule haukutokana na kosa la hesabu. Hesabu ilikuwa nzuri, ila iliulizwa swali la mtu mmoja.

Waliotatua tatizo hili walilitatua kwa kugawana. Adrien Treuille, Seth Cooper na Zoran Popović walipendekeza mwaka 2006 kwamba kundi zima litumie ramani moja ya mwelekeo, ambamo sehemu yenye watu wengi inahesabiwa kuwa ya gharama, kama vile ni tope. Wazo hilo likatumika katika Supreme Commander 2 ya mwaka 2010, ambapo majeshi makubwa yanapishana bila kukwama. Kwa wahusika wachache wanaokutana uso kwa uso kuna tatizo lingine, lile la watu wawili ukumbini ambao kila mmoja anamkwepa mwenzake kwa kwenda upande uleule, mara kulia, mara kushoto. Mwaka 2008 Jur van den Berg, Ming Lin na Dinesh Manocha walitoa ufumbuzi mzuri mno: kila mmoja achukue nusu tu ya jukumu la kukwepa, akiamini kwamba mwenzake atachukua nusu ya pili. Nusu kwa nusu, na kule kuyumba kunaisha. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha kwamba kanuni ya mgao inaweza kufanya kazi ambayo akili nyingi zaidi isingeifanya, kwa sababu wale wawili wakizidishiwa akili bila makubaliano wataendelea kuyumba, tena kwa haraka zaidi.

Mapigano ndiko tunakoona mambo haya kwa uwazi zaidi, na hapa nataka tukae. Mwaka 1998 kampuni ya Valve ilitoa Half-Life, na wachezaji wengi walishangazwa na askari wake. Walisifiwa kwa kushirikiana: mmoja anafyatua risasi, mwingine anarusha bomu la mkono, wa tatu anatoweka nyuma ya ukuta. Valve ilitoa msimbo wa gemu ile kwa ajili ya wanaotaka kuirekebisha, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kusoma siri ya ushirikiano huo. Siri yenyewe ni nafasi nne. Kikosi kina nafasi mbili za kushambulia kwa risasi na nafasi mbili za kurusha bomu. Askari anayetaka kufyatua risasi anaomba nafasi. Ikiwepo, anaishika na kufyatua. Ikiwa nafasi zote mbili zimeshikwa, anaangalia kama anaweza kurusha bomu na kama nafasi ya bomu iko wazi. Hiyo nayo ikikosekana, anaambiwa ajifiche. Basi. Ukikaa upande wa mchezaji unaona askari wawili wanakubana kwa risasi, bomu linakuja kukufurusha ulipojificha, na mwingine anapotea usijue atatokea wapi. Unaona mbinu za kijeshi. Ukikaa upande wa msimbo unaona wanaume wamekosa viti na kila mmoja anatafuta la kufanya. Bomu linalokufurusha linarushwa na aliyekosa nafasi ya risasi, na yule aliyejificha amekosa zote mbili.

Gemu zilizofuata zimeendeleza wazo hilo kwa namna nyingi. Katika Kingdoms of Amalur: Reckoning ya mwaka 2012, mchezaji anazungukwa na mahali panane pa kusimama adui, na kuna msimamizi asiyeonekana anayetoa ruhusa. Kila kiumbe ana uzito wake, na kila pigo lina uzito wake. Jumla haitakiwi kuvuka kiwango kilichowekwa. Tuseme kiwango ni 12: majoka matatu ya uzito wa 4 yanaweza kukusogelea, au zimwi moja la 8 na joka moja, lakini si mazimwi mawili. Mtengenezaji akitaka gemu iwe ngumu anapandisha namba, akitaka iwe nyepesi anaishusha, na hagusi akili ya kiumbe hata mmoja. Doom ya mwaka 2016 inatumia tokeni: pepo asiye na tokeni hashambulii, na aliye mahali pazuri zaidi anaweza kumpokonya mwenzake tokeni yake. Huo upokonyaji ni nyongeza ya maana sana, kwa sababu bila huo tokeni ingekaa mikononi mwa pepo aliyekwama nyuma ya nguzo huku waliomkabili mchezaji wakisimama kama wageni waalikwa.

Kuna wanaochukizwa na habari hii. Wanasema huu ni udanganyifu: mchezaji anaaminishwa kwamba amewashinda maadui kumi, kumbe wale kumi walipangwa wamjie wawili wawili, kama katika sinema za kung fu ambako wahuni wanasubiri kwa adabu zamu ya kupigwa. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, kwa sababu gemu nyingi zinalistahili. Zipo ambazo adui asiye na zamu anasimama tu, ananing'iniza mikono, anamtazama mwenzake akiuawa. Lakini angalia ubaya uko wapi. Hauko katika kusubiri. Uko katika kusubiri bila kazi. Askari wa Half-Life naye anasubiri, ila kusubiri kwake kumepewa sura ya kujificha au kurusha bomu. Tena kuna jambo ambalo wapinzani wa mgao wanalisahau: mchezaji ana jozi moja ya macho na vidole kumi. Maadui kumi wakishambulia kwa pamoja haoni ujasiri wao, haoni mbinu zao, anaona kioo kimekuwa chekundu. Akili ambayo mchezaji hawezi kuiona, kwa madhumuni ya gemu, haipo. Umakini wake ni kitu kichache kuliko vyote katika chumba kile, na kuugawa ni wajibu wa mtengenezaji kama ilivyo wajibu wa mwongoza tamthilia.

Mfano mkubwa kuliko yote katika fani hii ni F.E.A.R. ya mwaka 2005, iliyotengenezwa na Monolith Productions. Mwaka uliofuata mmoja wa waandishi wa programu yake, Jeff Orkin, alieleza hadharani jinsi askari wake walivyofanya kazi, na maelezo yake yangali yanasomwa hadi leo. Kila askari alikuwa na uwezo wa kujipangia hatua: anapewa lengo, anatafuta mfuatano wa vitendo utakaomfikisha. Mbinu hiyo ilitokana na STRIPS, iliyobuniwa mwaka 1971 na Richard Fikes na Nils Nilsson kwa ajili ya Shakey yuleyule, na mipango yenyewe ilitafutwa kwa A*. Kwa hiyo vifaa vyote viwili vya askari wale vilitengenezwa kwa ajili ya roboti mpweke. Wasifiaji wengi wa F.E.A.R. huishia hapo, wakiamini kwamba upangaji huo ndio uliozaa vikosi vyake vya kutisha. Orkin mwenyewe alieleza kuna nini juu ya upangaji huo. Palikuwa na mratibu mmoja anayewakusanya askari walio karibu kuwa kikosi, na vikosi vilikuwa na mienendo minne tu, rahisi ajabu: wote wajikinge huku mmoja akifyatua risasi, wasogee kwenye kinga iliyo karibu zaidi na adui huku mmoja akifyatua risasi, waende kwa mstari mmoja huku kila mmoja akimlinda aliye mbele yake, au watafute wawili wawili. Askari hata hakulazimika kutii. Bomu likimdondokea miguuni, uhai wake unakuja mbele ya amri.

Je, kule kumzunguka mchezaji ubavuni, ambako kila mwandishi wa magazeti alikusifu? Hakukuwa na amri kama hiyo. Mchezaji anahama, kinga za askari zinakuwa wazi, kikosi kinaambiwa kijikinge upya, na kwa jinsi chumba kilivyojengwa kinga iliyo karibu iko ubavuni mwa mchezaji. Askari anakwenda kuokoa ngozi yake. Mchezaji anaapa kwamba amezungukwa. Hapa naona mgao wa aina ya pili, ule unaofanywa na aliyepanga masanduku na nguzo ndani ya chumba. Kinga mbili zikikaa upande mmoja, kikosi kinaonekana kijinga. Zikitawanywa vizuri, kikosi kilekile kinaonekana kimepitia chuo cha kijeshi. Anayepanga samani za chumba naye anaongoza kundi, na nadhani hatumpi heshima anayostahili.

Tena askari wale walizungumza. Mmoja anamuuliza mwenzake hali yake, naye anajibu kwamba amepigwa. Askari akishindwa kuhama kwa sababu hana kinga bora, mwenzake anamwamuru ahame, naye anajibu kwa ukali kwamba hana pa kwenda. Lililokuwa pengo la programu linageuka kuwa mgogoro wa watu wawili walio hatarini. Askari akipiga kelele kwamba anahitaji msaada, hakuna msaada unaoitwa. Lakini mchezaji akisonga mbele atakutana na maadui wengine, kwa kuwa gemu imejaa maadui, na atasadiki kwamba hao ndio walioitwa. Mtu anaweza kuuliza kama basi yote ni maigizo. Nasema hapana, kwa sababu mengi ya maneno yale yalikuwa yanatangaza jambo lililokwisha kutokea kweli ndani ya programu: fulani amepigwa, fulani amekosa kinga, fulani anafyatua ili wengine wapite. Mgao usiotangazwa haumfikii mchezaji. Hali kadhalika katika Halo ya mwaka 2001, mkubwa wa kikosi cha maadui akiuawa, maadui wadogo wanatupa mikono juu na kukimbia huku wakipiga mayowe. Kitendo kimoja kinamweleza mchezaji kwamba kundi lina ngazi, na kinamfundisha amlenge nani kwanza.

Mifano mingine niipitie haraka. Left 4 Dead ya mwaka 2008 iliweka mwongozaji asiyeonekana anayekadiria jinsi wachezaji walivyobanwa, akawaachia makundi ya maiti-hai mpaka shinikizo lifike kileleni, kisha akawapumzisha. Ni vipindi vya Pac-Man vimekomaa. Assassin's Creed Unity ya mwaka 2014 iliijaza Paris ya Mapinduzi watu kwa maelfu, na wenye akili kamili kwa wakati mmoja walikuwa makumi machache tu, wale walio karibu na mchezaji. Ukimsogelea wa mbali, anapewa akili, na uliyemwacha nyuma anaiachia. Prosesa nayo ina zamu zake.

Pingamizi la mwisho ni la wakati wetu, nalo husemwa kwa kujiamini sana: haya yote ni mambo ya zamani, mashine zitajifunza zenyewe. Tuangalie zilipojifunza. Mwezi Aprili 2019 mfumo uitwao OpenAI Five uliifunga timu ya OG, waliokuwa mabingwa wa dunia wa Dota 2. Wachezaji wake watano wa kompyuta hawakuwa na njia maalumu ya kuzungumza. Walijifunza kwa kucheza dhidi yao wenyewe, kwa kiasi ambacho kampuni ya OpenAI ilisema mwaka 2018 kilikuwa sawa na miaka 180 ya mchezo kila siku. Hata hivyo, kulikuwa na namba moja iliyowekwa na wanadamu, kati ya 0 na 1, iliyoamua kila mmoja afurahie kiasi gani tuzo yake binafsi na kiasi gani tuzo ya timu. Walianza na ubinafsi, kisha wakaipandisha namba hiyo kidogo kidogo. Hata pale mashine ilipojifundisha karibu kila kitu, swali la mgao lilibaki mkononi mwa mtu.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford na Google walijenga kijiji kidogo cha gemu chenye wakazi 25, kila mmoja akiendeshwa na modeli kubwa ya lugha. Walimpa mkazi mmoja, Isabella, nia ya kuandaa sherehe ya Siku ya Wapendanao. Habari zikaenea zenyewe kijijini, wakaalikwa 12, wakatokea 5. Ni mafanikio ya kustaajabisha. Lakini watafiti hao hao waliandika kwa uaminifu kwamba wakazi walikuwa wakiingia bafu la bweni ambamo tayari kulikuwa na mtu. Bafu lilikuwa la mtu mmoja, ila wakazi, wakiwa wamezoea kusoma habari za mabafu ya pamoja, walidhani linachukua wengi. Wanajua kualika, kukumbuka, kuzungumza, hata kupendana. Hakuna aliyewaambia kwamba nafasi ni moja na wa pili asubiri mlangoni. Wangepewa kanuni moja ya Half-Life ya mwaka 1998, yaishe.

Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu kanuni za kugawana hazifanani kila mahali. Umati unaouzwa tayari ndani ya programu za kutengenezea gemu umejengwa juu ya dhana za mitaa ya kwingine: kila mtu ana njia yake, kila mtu anakwepa nusu, hakuna anayemgusa mwenzake. Uweke umati huo Kariakoo uone. Kariakoo msukuma mkokoteni hakwepi nusu. Anapaza sauti na watu wanapisha. Mzee anapishwa na kijana, mwenye mzigo kichwani anapishwa na mwenye mikono mitupu, bodaboda inapenya pale ambapo hakuna njia, na machinga anashika kipande cha barabara ambacho wenzake wote wanajua ni chake ingawa hakikuandikwa popote. Kijana wa Dar es Salaam au Mombasa akitaka kuutengeneza mji wake ndani ya gemu, picha za majengo hazitamtosha. Kazi yake kubwa itakuwa kusimama pembeni ya barabara na kuandika nani anampisha nani, nani anangoja, na anafanya nini wakati anangoja.

Vifaa vipo. Godot ni programu ya bure ya kutengenezea gemu, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na ndani yake mna utafutaji wa njia na ule ukwepaji wa nusu kwa nusu nilioueleza. Msimbo wa askari wa Half-Life unasomeka, na maelezo ya Orkin ni kurasa chache tu. Kwa hiyo ninyi wanafunzi mnaoanza kuandika gemu, ninawaomba jambo moja. Kabla hamjamwongezea mhusika wenu uwezo mwingine wowote, chukueni karatasi muorodheshe kila kitu ambacho wahusika wenu watakigombea, na mbele ya kila kimoja mwandike kina nafasi ngapi, aliyekosa nafasi atafanya nini, na mchezaji atajuaje.